Weupe wa Mikidadi Juu ya Kaniki

Mtu aliyethubutu kusema mbele ya Mikidadi kwamba nyeupe ni nyeupe tu, siku hiyo alichelewa kufika kwake. Mikidadi bin Kaimu angemkalisha kwenye kigoda, barazani pale sokoni Nachingwea, amwonyeshe nyeupe ya jino, nyeupe ya yai, nyeupe ya tui, na nyeupe ya uongo, ile ambayo ikilowa mara moja hugeuka kijivu na haikumbuki tena asili yake. Watu walimwona ana wazimu mdogo, ule usiodhuru mtu. Lakini toka Ruponda mpaka Chinongwe hapakuwa na mwingine aliyejua kupiga maandishi juu ya nguo, basi wazimu wakauvumilia na nguo wakampelekea.

Kazi hiyo aliiokota kwenye mradi wa Karanga. Wazungu walipokuja na matrekta kung'oa misitu ili wapande karanga hadi upeo wa macho, Mikidadi alitoka kwao Chinongwe akiwa kijana ndiyo kwanza anaota ndevu, akaajiriwa karakana, akapewa kazi ya kupiga alama kwenye magunia. Chombo chenyewe kilikuwa fremu ya mbao iliyowambwa hariri ya parachuti za vita. Penye herufi hariri iliachwa wazi, pengine pote ilizibwa kwa gundi. Unalaza fremu juu ya nguo, unamimina rangi, unaivuta kwa kipande cha mpira wa gari, na ukiinua unakuta herufi imeshalala chini imetulia. Wenyewe walikuwa na jina lao. Mikidadi aliona kinachuja kama chekeche la unga, akakiita chekeche, na jina likashika. Karanga zikakataa kuota walivyotaka wenye nazo, matrekta yakanyamaza, na katika vitu vilivyotupwa Mikidadi akajipatia machekeche mawili na makopo ya rangi nyeupe iliyokuwa ya kuandikia namba za malori.

Siku hizo hata yeye aliamini nyeupe ni moja. Waliomfundisha ni wacheza mpira wa Namungo.

Walimletea jezi za buluu, wakataka namba nyeupe mgongoni. Mikidadi akazipiga kwa rangi ya malori, zikang'aa kama bati jipya, akazikabidhi kwa mbwembwe zote. Kumbe rangi ya chuma haijui kuvutika. Jezi ikivaliwa inatanuka, rangi inabaki na msimamo wake, na kabla ya mapumziko namba zilikuwa zinadondoka uwanjani kama magamba ya samaki. Namba nane ilipoteza upande wake wa kushoto ikawa tatu, na tatu mwingine alikuwapo. Tatu wa uongo akapiga mtu teke, refa akamtoa tatu wa kweli. Kapteni wao alikuja Nachingwea na jezi moja imening'inia kwenye fimbo, kama mtu aliyebeba nyoka.

"Fundi," akasema, "hii ukiivaa inalia. Mtu anakimbia, mgongo unamlia kwaru kwaru kama ana kuku ndani."

Mikidadi aliona aibu, lakini aibu yake ilikuwa ya aina inayofanya kazi. Akaenda porini kukinga utomvu wa mbungo, ule wa mpira ambao wazee walitumwa kuutafuta zama za Mjerumani, akauchanganya na unga mweupe wa rangi mpaka ukavutika bila kupasuka. Namungo wakapata namba zinazokimbia pamoja nao. Hapo ndipo alipofunguka macho kwamba kila nguo ina weupe wake. Kaki haina makuu, inapokea rangi ya kopo ikilainishwa kidogo. Blanketi la sufu linainywa rangi kama mlevi, unamimina na kumimina, halishibi wala halionyeshi kitu. Mwenye blanketi alimwambia aende akashonewe utepe.

Utepe wenyewe angeshonewa hapo hapo, maana baraza ile Mikidadi aliitumia pamoja na Eusebio, fundi cherehani, Mmakua wa upande wa Masasi, mtu wa maneno machache, lakini kila moja lina mwiba.

Sasa huyu Mikidadi akapenda. Mwamini binti wa Bi Sabaha alikuja sokoni kutoka Ruangwa na ufuta wa mama yake, akasimama kivulini pale barazani, akamsikiliza fundi akimfundisha mteja habari za nyeupe ya yai na nyeupe ya tui. Akazitazama zote mbili, akasema kwa upole, "Kaka, hizi ni moja." Mikidadi alibishana naye mpaka ufuta ukakaribia kudoda. Hakuwa amepata kupingwa na mtu mzuri namna ile. Alipoondoka, Eusebio akasema bila kuinua macho kwenye cherehani, "Huyo usipomwoa, atakuja mwingine akubaliane naye."

Washenga wakaenda Ruangwa. Kwa watu wa huko, binti ana mama, ana baba, lakini mwenye neno ni mjomba, na mjomba wa Mwamini alikuwa Yunusi, kaka wa Bi Sabaha, mtu aliyependa shamba lake kuliko watu waliolilima. Akajibu kama walivyojibu wote zamani zile: mposaji aje alime ukweni, mikono yake ionekane. Mikidadi alikwenda, akashinda shambani siku nzima na jembe. Jioni Yunusi akapita kukagua, akasimama juu ya tuta, akatikisa kichwa.

"Baba, hapa umelima au umepekua kama kuku?"

"Nimelima, Mjomba."

"Mikono ya kupaka hiyo. Mwanangu hali rangi."

Posa ingekufa pale pale kama si Bi Sabaha. Huyu alikuwa kiongozi wa ngoma ya akina mama wa Ruangwa, ikiitwa Asubuhi Njema, na moyo wake ulikuwa umebeba jambo zito kuliko shamba la kaka yake. Mwaka uliopita akina mama wa Ruponda walikuja kwenye mashindano ya baada ya mavuno wamevaa merikani nyeupe, kifuani maandishi yaliyotariziwa kwa uzi wa buluu, wakawaimba wenzao wa Ruangwa kwamba wamekuja na nguo za kulimia. Bi Sabaha hakulisahau. Alimwita Mikidadi uani, akamwambia:

"Merikani nyeupe sisi hatuvai. Hatujafa. Nataka kaniki, nyeusi ya kutisha, na juu yake nyota nyeupe, na chini ya nyota jina letu. Nyota ing'ae mpaka mpiga ngoma akose pigo. Ukiiweza hiyo, jembe la mjomba nitalijibia mimi."

"Na nisipoiweza, Mama?"

"Kuna mtu wa Lindi ana duka la samaki wakavu, anamuulizia Mwamini. Mimi samaki nawapenda."

Mikidadi akarudi Nachingwea amechangamka, maana alidhani kaniki ni nguo kama nguo nyingine. Akanunua kipande kwa Mhindi, kipya, kina wanga wa kiwandani mpaka kinasimama chenyewe, kinanuka kile kinuko cha dukani ambacho wanawake hukipenda kuliko uturi. Akapiga nyota. Jioni ilikuwa nyeupe kama jino la mtoto, na asubuhi ilikuwa buluu. Kaniki mpya ina rangi nyingi iliyokaa juu juu; ndiyo maana mvaaji hubaki na mapaja ya buluu wiki nzima. Rangi ile ilipanda ndani ya nyeupe yake taratibu, kama maji yanavyopanda ukutani, ikaitawala. Bi Sabaha alipoletewa kipande alikigeuza geuza.

"Nimekuomba nyota, umeniletea jicho la Mzungu."

"Mama, inatakiwa kaniki ifuliwe kwanza. Ifuliwe na chumvi, itoe rangi yake ya ziada, itulie. Hapo nyeupe itakaa."

Bi Sabaha akamtazama kama mtu aliyetajiwa tusi. "Nguo mpya iingie maji kabla haijaingia mwilini? Kwani nani kafa?"

Na hapo alisema kweli, wala hakuna wa kumlaumu. Kwa watu wa Ruangwa mtu akifariki, matanga yakiisha, nguo zake hufuliwa pamoja, zikaanikwa, zikakunjwa, wakagawiwa ndugu. Mwanamke akipokea nguo iliyofuliwa kutoka mkononi mwa mtu, swali lake la kwanza ni la nani. Kiongozi wa ngoma akiwagawia wenzake kaniki zilizokwisha kuonja maji, kila mmoja angemuuliza amerithishwa na marehemu gani, na Ruponda wangetunga wimbo kabla jua halijazama.

"Nataka kaniki na wanga wake," Bi Sabaha akasema, "na harufu yake, na mkunjo wa dukani. Weupe ni kazi yako, usinitwishe mimi."

Mikidadi akajifungia na weupe. Alijaribu chokaa na ute wa yai. Ilikauka vizuri, lakini asubuhi sisimizi walikuwa wamebeba mkono mzima wa nyota wanaondoka nao. Akajaribu utomvu wa mbungo uliowaokoa Namungo. Juu ya wanga haukushika, ukabanduka nyota nzima nzima, ukawa unaweza kuitundika ukutani. Akapiga rangi ya kopo nzito, akaiacha ikauke, akapiga tena juu yake. Ile ilikaa nyeupe siku ya kwanza, siku ya pili ikawa na mawazo, siku ya tatu ikawa buluu kama wenzake. Akakonda. Mwamini alipokuja sokoni alimkuta amekaa anaitazama kaniki kama mtu anayengoja ikiri kosa.

"Mtu wa Lindi amemletea mama kikapu," akamwambia.

"Cha samaki?"

"Papa. Mama kasema wamekauka vizuri."

Mwamini alipokwenda zake, Eusebio akasimamisha cherehani. "Fua," akasema.

"Nimekatazwa."

"Umekatazwa na mwenye nguo. Nguo yenyewe inakuomba."

Ndipo Mikidadi akapanga hila ambayo yeye aliiona haina dhambi. Atazifua kaniki zote kwa siri, azipige nyota, kisha azirudishie upya wao: azichovye kwenye uji mwepesi wa muhogo zisimame, azipige pasi ya mkaa, azikunje kwa mkunjo wa dukani, na kuzifukiza azifukize ndani ya kasha la Mhindi zipate kinuko chake. Bi Sabaha angepokea kaniki mpya kabisa, na asiyejua hadhuriki.

Mtumba wa kaniki mpya za ngoma ulipofika kutoka dukani, yeye na Eusebio waliubeba mpaka kijitoni, pale karibu na daraja la barabara ya Ruangwa, kwa kuwa penye mji watu wangewaona. Wakafua kwa chumvi na sabuni ya mche mpaka maji ya kijito yakawa wino. Wakaanika juu ya vichaka, mteremko mzima ukawa mweusi. Eusebio povu la sabuni likamwingia machoni, akakaa juu ya jiwe anafuta machozi kwa upindo wa shati. Mikidadi alikuwa ameinama chini ya matete anaokoa kaniki iliyochukuliwa na maji. Na lori la Ruangwa likapita juu ya daraja.

Utingo wa lori lile alikuwa Mbaruku, na Mbaruku hakuwahi kufikisha abiria bila kufikisha na habari. Aliona nguo nyeusi zimeanikwa mteremko mzima. Akamwona Eusebio, rafiki wa Mikidadi, amekaa peke yake analia. Mikidadi hakumwona. Akajumlisha.

Lori lilipoingia Ruangwa, Mikidadi alikuwa amekufa zamani, matanga yameisha, na nguo zake zinafuliwa zigawiwe.

"Mbona nyingi hivyo?" wakamuuliza.

"Fundi wa nguo anakosa nguo?" Mbaruku akajibu, na hilo likawaridhisha.

Kilichowauma watu wa Ruangwa si kifo peke yake, bali kutopewa taarifa. Mposaji anakufa, anazikwa, watu wanakula ubwabwa wa matanga, na ukweni hawajatumiwa hata mtoto wa kusema? Bi Sabaha alilia kwa huzuni, kisha akalia kwa hasira, kisha akakumbuka kaniki zake ziko kwa marehemu, akalia upya. Kesho yake akapanda lori na wanawake wa ngoma, mchele kichwani, na Yunusi nyuma yao, amevaa koti.

Mikidadi asubuhi hiyo alikuwa uani nyuma ya baraza anapiga nyota za mwisho. Mikono yake ilikuwa buluu mpaka kwenye viwiko, na uso umerukiwa na rangi nyeupe. Akasikia vilio barabarani. Alikuwa mtu wa adabu. Penye kilio haulizi kwanza, anakwenda. Akachomoa kofia kwenye msumari, akatoka kwa mlango wa ubavuni, akajiunga nyuma ya waombolezaji, akainamisha kichwa, akamnong'oneza mama mmoja aliyejifunika kanga:

"Nani aliyefariki?"

"Mikidadi."

"Mikidadi yupi?"

"Fundi wa hapa, yule wa chekeche."

Akaona huzuni kabla hajaona kosa. "Masikini," akasema. "Aliugua?"

Huko mbele Bi Sabaha alikuwa amefika barazani, amejishika kichwa. "Mkwe wangu mie," akalia, "mkwe wangu, umekwenda na nyota zangu." Mwamini hakuwa analia. Alikuwa ameegemea nguzo, amekauka, anakitazama kigoda cha fundi kilichokaa kitupu. Alipomwona Mwamini, Mikidadi akasahau kwamba amekufa, akapenya katikati ya watu kwenda kumpa pole.

Mama wa kwanza kugeuka aliona uso wa madoa meupe na mikono ya buluu. Alitupa mchele. Wengine hawakungoja kuuliza. Baraza ikawa tupu mara moja, na Yunusi, aliyekuwa amevaa koti kwa ajili ya heshima, akaonekana amechutama nyuma ya cherehani ya Eusebio. Eusebio akamwambia, "Mzee, mguu wako uko kwenye kanyagio, usinikatie uzi."

Waliobaki wamesimama walikuwa wawili tu. Mwamini alimgusa Mikidadi mkono, akausikia ulivyo na joto, kisha akampiga kibao kidogo kifuani, cha mtu aliyelia moyoni usiku mzima bure. Bi Sabaha alivuta kanga akafunika uso, maana mama mkwe na mkwe hawatazamani. Kisha akakumbuka kwamba huyu bado si mkwe, akafunua. Kisha akakumbuka kilio chake, akafunika tena. Akiwa katika shida hiyo, akaona kupitia mlango wa ua kaniki zake zimetandazwa juu ya kamba, nyota zinawaka.

"Umezifua," akasema ndani ya kanga.

Mikidadi angeweza kudanganya, lakini kaniki zilikuwa bado hazijaingia uji. "Nimezifua, Mama."

Wanawake walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja, wanachungulia. Mikidadi alijua kwamba hapa ndipo. Akitamka neno moja la chuki mama huyu, Mwamini anakwenda Lindi kunuka papa. Bi Sabaha akaingia uani. Akalamba kidole, akakisugua juu ya nyota ya kwanza, akakitazama: kisafi. Akachukua upindo wa kanga yake nyeupe, akaisugua kaniki yenyewe kwa nguvu, akautazama: msafi. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akakunja macho kwa mng'ao. Kisha akasikika mwanamke mmoja mlangoni akiuliza lile swali lenyewe.

"Dada Sabaha, hizi zimefuliwa. Ni za nani?"

Bi Sabaha hakugeuka haraka. Alichomoa kaniki moja kambani, akajifunga juu ya nguo zake, nyota ikamkaa kifuani.

"Za marehemu yule pale," akasema, akielekeza kidole bila kutazama. "Amekufa, tumemlilia, na anazigawa kwa mkono wake mwenyewe. Nani kwenu amewahi kurithi kwa heshima hiyo? Ruponda hata wakifa wote hawawezi."

Mwanamke wa mlangoni akaanza kucheka, kicheko kikaingia kwa wenzake, wakavamia kamba wanagombania nyota. Yunusi naye akatoka nyuma ya cherehani, akajikung'uta koti, akaona ni wakati wa kurudisha mambo mahali pake.

"Lakini habari ya ukwe bado haijazungumzwa," akasema.

"Nimemwita mkwe mbele ya Ruangwa na Nachingwea," akajibu dada yake. "Nikilirudisha neno, na machozi utanirudishia wewe?"

"Na kulima je?"

"Maiti halimi, kaka."

Papa wa Lindi walirudishwa, ingawa si wote, wengine walikuwa wameshaliwa. Ndoa ikafungwa kabla ya mashindano, maana Bi Sabaha alitaka kuingia uwanjani hana deni la maneno. Na siku yenyewe akina mama wa Ruponda waliimba kwamba Ruangwa wamevaa urithi wa maiti. Ruangwa wakajibu kwamba maiti wao anakula, anavaa, na ameoa. Walicheza toka jua kali mpaka vumbi likasimama, jasho likawatiririka, na hakuna nyota iliyobadili rangi. Mikidadi hakuiona ngoma hata kidogo. Alikuwa anazunguka uwanja ameinama, anatazama vifua vya mama wakwe, mpaka Mwamini akamvuta shati amwambie watu wanamfikiriaje.

Katika mapumziko Bi Sabaha alikuja upande wao, amelowa, anahema. Akasimama amewapa mgongo kama ilivyo desturi, akasema na binti yake.

"Mwambie mumeo, nyota ya kwangu ina nukta moja ya buluu kwenye ncha hii ya chini ya kwapa."

Mwamini akamgeukia mumewe aliyekuwa hatua moja tu kutoka hapo. "Mama anasema nyota yake ina nukta ya buluu chini ya kwapa."

"Mwambie Mama asiinue mkono."

"Anasema usiinue mkono."

"Nimemsikia," akasema Bi Sabaha. "Mwambie sijamsikia." Akarudi uwanjani, mikono yote miwili juu.